Ebola: kwa nini tunasubiri kuona damu wakati mgonjwa anakaukiwa maji?

Afisa_Afya:

Habari zenu wakuu. Tunaandaa mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii kuhusu Ebola, na kuna jambo linanisumbua kwenye mabango mengi yanayotumika. Picha kubwa ni ya mtu anayetoka damu machoni na puani. Mhudumu akishaikariri picha hiyo, siku atakayokutana na mtu mwenye homa, aliyeishiwa nguvu na anayeharisha, ataandika malaria au homa ya matumbo kwa sababu hajaona damu.

Naomba wenye ujuzi mfafanue kwa undani. Virusi hivi vikishaingia vinafanya nini hasa, hata mtu aliyekuwa mzima wiki iliyopita afariki ndani ya siku kumi? Mhudumu atazame nini siku za mwanzo, na afanye nini kabla timu ya dharura haijafika? Halafu klorini: kila karatasi ina namba yake. Naomba hesabu yenyewe, mtu aweze kukokotoa kwa chupa yoyote aliyonayo.

---

Daktari_wa_Zamu:

Mkuu, bango hilo lina madhara kweli. Takwimu za miezi ya kwanza ya mlipuko wa Afrika Magharibi mwaka 2014 zilionyesha homa kwa asilimia 87 ya wagonjwa, uchovu mkali asilimia 76, kutapika 68, kuharisha 66. Kutokwa na damu kusiko na sababu nyingine: asilimia 18. Ndiyo maana jina la zamani lililotaja kuvuja damu liliachwa, na sasa tunasema ugonjwa wa virusi vya Ebola.

Sasa ndani ya mwili. Virusi huingia kupitia mchubuko wa ngozi, utando laini wa macho, pua na mdomo, au sindano iliyochafuka. Seli za kwanza kushikwa ni makrofaji na seli za dendriti, yaani walinzi wenyewe, ambao kazi yao ni kumeza wageni na kuutahadharisha mwili. Kirusi kinamezwa, na kikiwa ndani ya kifuko cha seli, vimeng'enya vya seli hiyo hiyo vinaipunguza protini yake ya nje mpaka iweze kushikana na protini yetu iitwayo NPC1. Hapo kinapenya na kumwaga RNA yake, yaani vinasaba vyake. Kina jeni saba tu. Lakini protini zake mbili, VP35 na VP24, zinazima interferoni, ile ishara ambayo seli iliyoshambuliwa hutumia kuzionya jirani zake. Kwa hiyo siku za mwanzo kinazaliana bila mwili kujua ukubwa wa hatari.

Walinzi walioambukizwa wanakisafirisha hadi kwenye tezi za limfu, wengu, ini na tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Kuanzia hapo mambo manne yanakwenda kwa pamoja, na ni vizuri wanafunzi wako wayaone kama kamba moja iliyosokotwa:

Limfosaiti, chembe nyeupe za damu ambazo ndizo zingetengeneza kinga ya kudumu, zinakufa kwa wingi ingawa kirusi chenyewe hakiziingii. Ini linaharibika na kupunguza kutengeneza protini za kugandisha damu. Makrofaji zinamwaga kemikali za uvimbe zinazofanya mishipa midogo ivuje maji, pamoja na protini inayoanzisha kuganda kwa damu. Vibonge vidogo vidogo vya damu vinajitokeza mwilini kote na kumaliza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Na tumbo linamwaga maji, kwa baadhi ya wagonjwa lita 5 au zaidi kwa siku.

Ukiunganisha hayo: maji yanatoka kwa kuharisha na kutapika, mengine yanavuja nje ya mishipa, adrenali iliyoumia inashindwa kushikilia presha. Presha inaanguka, figo hazipati damu ya kutosha, mkojo unakoma. Hicho ndicho kinachoua wengi. Damu ikitokea, mara nyingi hutokea baadaye: kwenye fizi, kwenye tundu la sindano ya dripu, kwenye choo. Mgonjwa anaweza kufa pasipo tone moja kuonekana nje.

Mpangilio wa siku, kwa kawaida: kutoka kuambukizwa hadi dalili ni siku 2 hadi 21. Siku tatu za kwanza za ugonjwa ni "kavu": homa ya ghafla, kichwa, misuli na viungo kuuma, koo, kukosa hamu ya kula, uchovu wa kumlaza mtu mzima kitandani. Baadaye ugonjwa unakuwa wa "majimaji": kutapika, kuharisha, tumbo kuuma, wakati mwingine upele, macho mekundu, na kwikwi zisizokoma. Hizo kwikwi msizipuuze. Wanaofariki, wengi hufariki kati ya siku ya 6 na ya 16 tangu dalili zianze. Anayevuka wiki ya pili akiwa anakojoa na fahamu zake ziko sawa ana nafasi nzuri.

Kuhusu vifo, wastani husemwa ni karibu nusu, lakini milipuko imetofautiana kati ya asilimia 25 na 90. Yambuku, Kongo, mwaka 1976, ambapo sindano zilirudiwa bila kuchemshwa ipasavyo, walikufa 280 kati ya wagonjwa 318. Tofauti inaletwa na aina ya kirusi, wingi wa virusi kwenye damu, na huduma aliyopata mtu pamoja na siku aliyoipata. Hilo la mwisho ndilo tunaloweza kulibadilisha.

---

Maabara_Kwanza:

Naongeza upande wa kipimo, kwa sababu hapa ndipo makosa makubwa hufanyika na watu wakarudishwa nyumbani kuambukiza familia.

Kipimo cha PCR kinatafuta RNA ya kirusi kwenye damu. Siku za mwanzo kabisa za dalili, virusi vinaweza kuwa vichache mno kuonekana. Majibu hasi ya sampuli iliyochukuliwa kabla ya saa 72 tangu dalili zianze hayamtoi mtu kwenye orodha ya washukiwa. Anabaki ametengwa, sampuli inarudiwa baada ya saa 72 kutimia. Kwa hiyo swali la "homa ilianza lini, siku gani, asubuhi au usiku?" lina uzito sawa na kipimo chenyewe. Mhudumu wa jamii akiandika saa hiyo kwa usahihi, maabara itaweza kutafsiri jibu.

Pili, kipimo cha malaria kikiwa chanya hakifuti Ebola. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Atibiwe malaria, lakini kama alimgusa mgonjwa au alishiriki kuosha maiti ndani ya siku 21 zilizopita, anabaki mshukiwa.

Tatu, aina ya kirusi. Zaire, Sudan na Bundibugyo ndizo zilizoleta milipuko kwa binadamu. Katriji ya Ebola (kasha la kipimo) ya mashine ya PCR iitwayo GeneXpert imetengenezwa kwa ajili ya Zaire. Mgonjwa wa aina ya Sudan, kama waliopatikana Uganda mwaka 2022 na 2025, atatoka hasi kwenye katriji hiyo. Inahitajika PCR inayotambua aina zote. Na mtu aliyechanjwa hivi karibuni chanjo ya Ervebo anaweza kuonyesha jeni moja tu ya GP, yaani ya protini ya nje ya kirusi, kwa kuwa chanjo ina protini hiyo. Mgonjwa halisi kwa kawaida huonyesha GP pamoja na NP, jeni ya protini ya ndani.

Kipimo hakina maana kwa mtu ambaye hana dalili. Ombi hilo huja sana kutoka kwa ndugu wenye hofu. Waelezeni kwa upole kwamba jibu hasi la leo haliwaambii lolote kuhusu kesho, na wakati ambapo hawana dalili hawaambukizi wengine. Wanachohitaji ni kupimwa joto mara mbili kwa siku kwa siku 21 tangu siku ya mwisho walipomgusa mgonjwa.

---

Muuguzi_Kinga:

Najibu kuhusu "afanye nini kabla timu haijafika", halafu klorini.

Mhudumu asimame umbali wa zaidi ya mita 1, aulize bila kugusa. Maswali matatu yanatosha: dalili zilianza lini, umewahi kuwa karibu na mgonjwa au msiba, umeshika mnyama wa porini aliyekufa au mgonjwa. Akipata homa pamoja na mojawapo ya hayo, anapiga simu. Hamsafirishi mgonjwa kwa pikipiki wala gari la abiria. Mgonjwa anakaa chumba chake, choo chake au ndoo yake yenye mfuniko, mtu mmoja tu wa kumhudumia, na huyo mmoja asiwe mjamzito.

Kisha maji ya kunywa, wakuu, msisahau maji. Pakiti moja ya ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) kwenye lita 1 ya maji safi, awekewe karibu na kikombe chake, anywe kidogo kidogo kila baada ya dakika chache hata kama hana kiu. Akitapika, asubiri dakika 10 aanze tena polepole. Hili halimhitaji mtu kumgusa, na linafanyika saa hiyo hiyo. Kwa homa na maumivu apewe paracetamol tu. Aspirini, ibuprofen na diclofenac zinaongeza kuvuja damu na kuumiza figo ambazo tayari zimebanwa. Sindano ya msuli nayo hapana: damu itavujia ndani, na sindano yenyewe ni hatari kwa mchomaji.

Klorini. Tunatumia nguvu mbili: asilimia 0.5 kwa sakafu, vyombo, matapishi, vitanda na nje ya mfuko wa maiti, asilimia 0.05 kwa mikono mitupu pale ambapo hakuna sabuni na maji au kitakasa mikono cha spiriti. Hesabu ya klorini ya maji ni hii: chukua asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, gawanya kwa asilimia unayotaka, toa 1. Unachopata ni sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya klorini.

Chupa ya asilimia 5: 5 ÷ 0.5 = 10, toa 1, ni 9. Kikombe 1 cha klorini, vikombe 9 vya maji. Chupa ya asilimia 3.5: 3.5 ÷ 0.5 = 7, toa 1, ni 6. Hapa ndipo karatasi zenu zinapogongana. Moja iliandikwa kwa chupa ya 5, nyingine kwa ya 3.5.

Ya unga ya asilimia 70: kwa nguvu ya 0.5 unahitaji gramu 5 za klorini halisi kwa lita, kwa hiyo 5 ÷ 0.7, karibu gramu 7 za unga kwa lita 1. Ndoo ya lita 20 ni gramu 140 na ushei, yaani takriban vijiko vikubwa 10. Kwa 0.05 ni sehemu ya kumi yake: kijiko kimoja kikubwa kwa lita 20. Koroga, acha dakika 30 ilale, tumia maji ya juu. Tengeneza upya kila siku, funika, weka kivulini, na uandike nguvu yake kwenye ndoo kwa herufi kubwa. Mtu akinawa kwa 0.5 siku kadhaa ngozi inapasuka, na mpasuko huo ni mlango wa virusi.

Kinachoharibu kazi zaidi: kumwaga klorini juu ya matapishi na kufuta papo hapo. Uchafu wa mwili unaila klorini kabla haijafika kwenye virusi. Funika kwa kitambaa cha kunyonya, mwagia 0.5, subiri dakika 15, zoa vyote kwenye mfuko wa taka, osha kwa sabuni, halafu paka tena 0.5. Usipulizie kwa bomba. Unarusha matone hewani. Usimpulizie mtu. Usichanganye na tindikali yoyote ya kusafishia choo, inatoa gesi ya sumu. Nguo zilizolowa majimaji ya mgonjwa, kama haziwezi kuchomwa, zichemshwe. Kuchemka dakika 5 kunaua kirusi.

Kwa wanaovaa mavazi kamili ya kinga: hatari kubwa iko wakati wa kuvua. Glovu za nje zinatakaswa kabla ya kila hatua, miwani inatolewa kwa kushika mkanda wa nyuma huku macho yamefumbwa, gauni linakunjwa ndani-nje likishuka, glovu za ndani zinatoka mwisho. Mwenzako anasimama akikusomea hatua moja moja kwa sauti. Mtu aliyechoka na mwenye jasho machoni anajipangusa bila kujua, ndiyo maana zamu ndani ya mavazi hayo haivuki kama saa moja.

---

Afisa_Afya:

Asanteni sana, hasa hesabu ya chupa ya 3.5. Nina mambo mawili yaliyobaki. Wahudumu wataulizwa "dawa ipo au haipo?", nataka wawe na jibu la kweli. Na wataulizwa kuhusu waliopona: kama wamepona, kwa nini wanafuatiliwa, na je jirani akae nao mbali?

---

Daktari_wa_Zamu:

Dawa ipo kwa aina ya Zaire. Ni kingamwili mbili zinazotolewa kwa dripu mara moja tu: mAb114, iitwayo Ebanga, na REGN-EB3, iitwayo Inmazeb. Ya kwanza ilitokana na damu ya mtu aliyepona mlipuko wa Kikwit mwaka 1995. Katika jaribio la Kongo mwaka 2018 na 2019, vifo kwa siku 28 vilikuwa karibu asilimia 35 kwa mAb114 na asilimia 34 kwa REGN-EB3, wakati kwa dawa nyingine mbili zilizojaribiwa, ZMapp ilikuwa karibu 50 na remdesivir 53. Kwa walioingia na virusi vichache kwenye damu, hizo mbili zilishusha vifo hadi kama mmoja kati ya kumi.

Jambo la kuwafundisha wahudumu kutoka jaribio hilo hilo: waliofika ndani ya siku moja tangu dalili zianze, walikufa asilimia 19, waliofika baada ya siku tano, asilimia 47. Mtu anayeficha ndugu yake ndani kwa upendo na hofu anamnyima hiyo tofauti.

Kwa aina ya Sudan hakuna dawa iliyoidhinishwa wala chanjo iliyoidhinishwa; jaribio la chanjo lilianza Uganda Februari 2025. Lakini msiseme "hakuna tiba". Dripu za Ringer lactate, kupima na kurekebisha potasiamu na sukari, antibiotiki ikiwa bakteria wamepenya kutoka utumboni, oksijeni: hayo yanaokoa watu kwa aina zote. Potasiamu inahitaji kipimo, kwa sababu kuharisha kunaishusha na figo zikigoma inapanda; kuitoa kwa kukisia kunaweza kusimamisha moyo.

Chanjo ya Ervebo ni dozi moja, kwa Zaire tu. Hutolewa kwa mduara: waliomgusa mgonjwa, na waliowagusa hao. Kinga hujengeka kwa takriban siku 10, kwa hiyo aliyechanjwa jana anaendelea kupimwa joto kama wengine. Inaweza kuleta homa na maumivu ya viungo siku za mwanzo. Anayepata homa ya chanjo bado anachunguzwa kama mshukiwa.

---

Bi_Ufuatiliaji:

Najibu la waliopona, maana hawa wameumizwa mara mbili, na ugonjwa kisha na majirani.

Aliyeruhusiwa hana virusi kwenye damu. Kumsalimia kwa mkono, kula naye, kulala nyumba moja, kufanya naye kazi: hakuna hatari. Semeni hivyo bila kusitasita na bila "ila".

Kuna sehemu za mwili ambako kinga haifiki vizuri: korodani, ndani ya jicho, ubongo na uti wa mgongo, na kondo la nyuma kwa aliyeugua akiwa mjamzito. Virusi vinaweza kubaki huko. Kwa mwanaume, shahawa hupimwa kila mwezi kuanzia mwezi wa tatu tangu augue, mpaka yapatikane majibu hasi mawili yaliyopishana angalau wiki moja. Kabla ya hapo ni kondomu au kujizuia, na kunawa vizuri kwa sabuni baada ya kugusa shahawa. Pasipo na kipimo, ni miezi 12. Mlipuko wa Guinea wa 2021 ulionyesha kwa nini: vinasaba vya kirusi kile vilifanana mno na vya mlipuko wa 2014 hadi 2016, maana yake kilikuwa kimejificha kwa mtu aliyenusurika.

Mama anayenyonyesha, maziwa yake yapimwe kabla ya kurudi kunyonyesha. Mjamzito aliyepona, mara nyingi mimba hupotea, na uzazi wake, mtoto awe hai au la, unahudumiwa kwa mavazi kamili kwa sababu maji ya uzazi na kondo vinaweza kuwa na virusi ingawa damu yake ni safi. Hili husahaulika, na mkunga ndiye anayelipa.

Sasa afya yake mwenyewe. Malalamiko ya kawaida ni viungo kuuma, uchovu, kichwa, masikio kuvuma au kusikia kupungua, kusahau, kukosa usingizi, huzuni nzito. La haraka kuliko yote ni jicho. Jicho jekundu linalouma, linalochukia mwanga, au kuona ukungu, hata miezi baada ya kutoka wodini, ni uvimbe wa ndani ya jicho mpaka ithibitishwe vinginevyo. Huyo aonwe na daktari wa macho ndani ya siku chache na aanzishiwe matone ya steroidi kwa usimamizi wake. Akicheleweshwa anaweza kupata mtoto wa jicho au upofu, na huo upofu ulizuilika. Wapeni wahudumu swali hilo moja la kuuliza kila ziara: "Macho yako vipi, unaona sawasawa, yote mawili?" Aangalie jicho moja moja kwa kufunika lingine kwa kiganja, kwa sababu jicho zima huficha lililoharibika.

---

Maabara_Kwanza:

Kidogo tu kwa Afisa: kwenye mafunzo wataulizia pia siku 42 za kusubiri kabla ya kutangaza mlipuko umekwisha. Ni mara mbili ya siku 21, na hesabu inaanza mgonjwa wa mwisho anapotoka hasi mara ya pili kwenye damu, au anapozikwa kwa usalama kama amefariki. Akitokea mmoja siku ya 40, hesabu inarudi sifuri.